Bafu la masta mita 1.8 kwa 2.4: marumaru gani ya chini, na ukarabati uanzie wapi?

Mkazi_Kinyerezi

Wakuu, habari za kazi.

Naomba ushauri wa wanaoijua hii kazi. Ni bafu la chumba cha masta, Dar, nyumba ya chini, jamvi la zege limekaa juu ya kifusi. Vipimo vya ndani ni mita 1.8 kwa 2.4. Kuna choo cha kukaa, sinki la kunawia na kona ya shawa isiyo na kizuizi chochote. Wapo wanaooga kwa ndoo, kwa hiyo maji yanafika sakafu nzima, siyo kona ya shawa peke yake.

Chini kuna marumaru za seramiki zinazong'aa, 30 kwa 30. Zikilowa zinateleza, na kama kumi hivi ukizigonga zinalia tupu. Maji yanatuama nyuma ya choo. Upande wa pili wa ukuta wa shawa, chumbani, rangi imevimba na kubanduka kuanzia chini hadi kama sentimita 60.

Ninachotaka kujua: naweza kubandika marumaru mpya juu ya hizi za zamani niepuke kubomoa? Fundi mmoja anataka porselini 60 kwa 60, mwingine anasema turudi 30 kwa 30, na dukani wanashauri zile mbao za plastiki za kubana. Ipi inafaa sakafu ya namna hii? Na hesabu ya vifaa naipigaje nisipungukiwe wala nisinunue vya kubaki stoo?

Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Simtank iko kwenye mnara wa mita 4.

Bomba_Nusu_Inchi

Ndugu, weka pembeni kwanza habari ya marumaru. Ukuta uliovimba hadi sentimita 60 una maji ndani yake, na ukipanga sakafu mpya kabla ya kujua yanatoka wapi, rangi itavimba tena na utabomoa kazi mpya. Chanzo kinaweza kuwa kimojawapo kati ya vinne. Kipime kimoja kimoja, siku tofauti, usichanganye, la sivyo hutajua kipi kimekupa jibu.

Anza na maji safi. Jioni funga matumizi yote na pampu ya kisima, weka alama ya kina cha maji kwenye simtank, asubuhi tazama. Kina kikishuka, kuna bomba linavuja mahali. Lakini kipimo hiki hakigusi kipande ambacho wengi wanakisahau: bomba linalopanda ndani ya ukuta kutoka koki ya shawa hadi kichwa cha shawa. Kile kipande kinapata maji pale tu shawa inapofunguliwa. Ondoa kichwa, ziba mdomo kwa plagi ya nusu inchi yenye tepu, fungua koki uiache wazi kwa muda wa saa tatu hivi. Kwa jinsi ulivyoeleza, unyevu uko nyuma ya shawa kabisa, kwa hiyo usikiruke hiki.

Sakafu: ziba trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji) kwa tambara ulilolifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mimina maji hadi kina cha sentimita 2 penye bonde, acha saa 24 bila mtu kutumia bafu. Weka na beseni la maji humohumo ndani, ulitie alama. Beseni linakuonyesha kiasi kilichopotea kwa hewa tu. Maji ya sakafuni yakishuka kuliko ya beseni, yanapenya kwenye grauti (ile saruji ya kujazia mianya ya marumaru) au, mara nyingi zaidi, pembeni mwa shingo ya trapu, pale PVC inapokutana na saruji. Saruji haishikani na PVC laini, inaachia ufa mwembamba kama unywele na maji yanapita hapo kila siku.

Maji machafu: ziba bomba upande wa chemba, jaza maji mpaka yaonekane kwenye trapu, subiri nusu saa. Yakishuka, kuna soketi ambayo haikupakwa gundi au bomba limepasuka chini ya jamvi.

La nne ni unyevu wa ardhini. Zunguka nyumba. Ukiona mkanda huohuo wa rangi iliyovimba kwenye kuta zilizo mbali na bafu, basi nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi haikuwekwa au imekatika, na hilo ni tatizo jingine ambalo ukarabati wa bafu hautalitibu.

Mwiko_wa_Meno

Bomba_Nusu_Inchi ameanza panapotakiwa. Mimi nachukua marumaru.

Kubandika juu ya zilizopo: hapana, kwa hali yako. Inawezekana pale ambapo marumaru za chini zimeshika zote, mwinamo ni mzuri na hakuna unyevu. Kwako kumi zinalia tupu, maji yanatuama, ukuta umelowa. Mpya itabebwa na ya zamani, na ya zamani imeshaachia. Tena utapandisha sakafu kama sentimita 1.3, mlango utakwaruza na bafu litakuwa juu ya chumba.

Mbao za plastiki za kubana zenyewe haziozi kwa maji. Shida yake ni kwamba zinaelea, hazigandishwi chini, na zinataka sakafu tambarare kabisa. Bafu la kuogea linataka sakafu inayoinama kuelekea trapu kutoka pande zote. Vitu hivyo viwili havipatani. Maji yataingia kwenye maungio, yatakaa chini yake, na harufu haitatoka. Ziweke chumbani, siyo hapa.

Sasa 60 kwa 60 au 30 kwa 30. Zote zinaweza kuwa porselini, kwa hiyo tenganisha maswali mawili: udongo wake na ukubwa wake. Kwa udongo, chukua porselini. Kipimo chake ni kunywa maji kusikozidi asilimia 0.5 ya uzito; seramiki za ukutani zinaweza kunywa zaidi ya asilimia 10. Ukiwa dukani geuza marumaru, dondoshea maji mgongoni. Ya seramiki inanyonya huku unaona, ya porselini tone linakaa.

Kwa ukubwa, inategemea trapu. Trapu ya kawaida ya duara au mraba inataka sakafu ikunjike kama bahasha, pande nne zikishuka kwenye tundu moja. Marumaru ya 60 haikunjiki. Fundi ama ataikata mishazari kutoka kona hadi kwenye trapu, ama ataacha kona zimeinuka na ukanyage ncha, ama ataua mwinamo ili sakafu ionekane nyoofu. Hilo la tatu ndilo linalotokea mara nyingi, na ndilo linalotuamisha maji nyuma ya choo. Ukiitaka 60 kweli, weka mfereji mrefu wa chuma kisichoshika kutu kando ya ukuta mmoja, ili sakafu nzima iiname upande mmoja tu. Ukibaki na trapu ya kawaida, 30 kwa 30 ndiyo saizi yako. Kwenye kona ya shawa hata 20 kwa 20 ni nzuri, maana mistari mingi ya grauti inasaidia mguu kushika.

Kuteleza: tafuta alama kwenye katoni. R10 ndiyo ya kuanzia kwa bafu la nyumbani, na kwa miguu mitupu kuna madaraja A, B na C, ambapo sehemu ya shawa inataka B. Katoni ikiwa haina alama, omba moja, ilowanishe kwa maji ya sabuni, ikanyage kwa mguu mtupu. Epuka pia zile zenye mikwaruzo mikali kama msasa. Uchafu wa sabuni na chumvi ya kisima vinajificha humo na huwezi kuusugua ukaisha.

Lililo muhimu kuliko yote hayo: marumaru haizuii maji. Wala grauti haizuii. Kinachozuia ni dawa iliyopakwa chini yake, ile mafundi wanaiita watapruf. Chukua ya saruji yenye sehemu mbili, unga na maziwa yake, yaani kimiminika cheupe cha kuuchanganyia. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, jumla unene wa milimita 2. Kwenye kona zote za ukuta na sakafu, na kuzunguka shingo ya trapu, zamisha utepe wa wavu ndani ya mkono wa kwanza, kwa sababu ukuta na sakafu vinacheza tofauti na dawa tupu hupasuka hapo. Panda ukutani sentimita 30 bafu zima, na mita 2 kwenye kuta za shawa. Shingo ya trapu iparuze kwa msasa kwanza. Dawa ikikauka kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti, rudia kile kipimo cha saa 24 cha kujaza maji. Fundi asiyetaka kupima hapo usimruhusu kupanga hata marumaru moja.

Kwa_Bajeti

Gundi ya marumaru ni gharama tu. Loweka marumaru kwenye ndoo, weka uji wa saruji mgongoni, bandika. Nyumba ngapi zimejengwa hivyo na zimesimama.

Mwiko_wa_Meno

Kwa seramiki ya ukutani inayonyonya maji, njia hiyo inashika, na ndiyo maana nyumba hizo zimesimama. Uji wa saruji unaingia kwenye vitundu vya mgongo na kung'ata. Porselini haina vitundu. Uji unakauka kama karatasi juu ya kioo, unasinyaa, unaachia. Chukua marumaru yoyote ya porselini inayolia tupu uibandue: mgongo wake utaukuta msafi kabisa, saruji yote imebaki chini.

Na mtindo wa kuweka matonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, uache kabisa bafuni. Katikati ya matonge kunabaki mashimo, maji yanajaa humo, na sehemu isiyo na tonge inavunjika kitu kizito kikidondoka. Gundi ipakwe kwa mwiko wa meno ya milimita 8 hadi 10, mistari yote ielekee upande mmoja, marumaru nayo ipakwe safu nyembamba mgongoni. Kila baada ya kumi hivi, nyanyua moja utazame kama gundi imejaa mgongo mzima.

Hesabu_za_Site

Nakupa hesabu kwa vipimo vyako, kimo cha ukuta nakichukulia mita 2.4, mlango 0.75 kwa 2.1 na dirisha 0.6 kwa 0.6.

Sakafu: 1.8 × 2.4 = mita za mraba 4.32. Marumaru ya 30 kwa 30 ni 0.09, kwa hiyo ni vipande 48. Ongeza asilimia 10 ya kukata, 53. Mkikata mishazari kuelekea trapu, fikisha asilimia 15, yaani 56. Soma idadi kwenye katoni, inatofautiana.

Kuta: mzunguko 8.4 × 2.4 = 20.16, toa mlango na dirisha, zinabaki 18.2. Na asilimia 10 ni 20. Ukitumia 30 kwa 60, katoni ya vipande 8 ina mita za mraba 1.44, hivyo katoni 14. Nunua zote siku moja na uhakikishe namba ya mchomo kwenye katoni zote ni ileile. Mchomo tofauti hutofautiana rangi kidogo, na ukutani inaonekana.

Sakafu ya saruji ya kutengenezea mwinamo: wastani wa unene sentimita 4.5, ni mita za ujazo 0.19. Kwa mchanganyo wa 1 kwa 4, mifuko 2 ya kilo 50 (itabaki kidogo) na matoroli 4 ya mchanga kwa toroli la lita 60. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Mchanga wenye chumvi utakutolea unga mweupe kwenye grauti miaka yote.

Dawa ya kuzuia maji: sakafu 4.32, mkanda wa chini kama 2.3, kuta za shawa kama 4.6. Jumla 11.2. Kwa kilo 3 kila mita ya mraba ni kilo 34. Mtu akikuletea kilo 10 akasema zinatosha, ujue anapaka rangi.

Gundi: kilo 5 kwa mita ya mraba chini, 4 ukutani. Ni 22 na 73, jumla 95. Mifuko 5 ya kilo 20, na wa sita uwe wa akiba. Grauti: kwa mwanya wa milimita 3 chini na 2 ukutani, kilo 4 zinatosha, nunua 5. Rangi chukua kijivu kilichofifia. Nyeusi kwa maji ya kisima chako itakuwa na ukungu mweupe wa chumvi, na nyeupe chini haidumu. Usisafishe kwa dawa za choo zenye asidi, zinakula saruji ya grauti. Silikoni ya usafi, chupa 2: kona zote za ndani, na pale ukuta unapokutana na sakafu, zijazwe silikoni badala ya grauti.

Muda ndio watu wanaudanganya. Kubomoa siku 2, mabomba siku 2 pamoja na kupima, mwinamo siku 1. Kisha mwagilia sakafu hiyo siku 7, na iache itimize siku 28 kabla ya marumaru kwa sababu saruji mpya inasinyaa na kuvuta vilivyo juu yake. Tumia muda huo kupiga plasta ya ukuta na nyaya.

Ya umeme: hita ya shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24 hivi. Iwe na waya wake peke yake wa milimita 4 za mraba, fyuzi ya kukata ya ampia 32, kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30, na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Swichi nje ya bafu.

Mkazi_Kinyerezi

Asanteni sana, nimeshaona nilikuwa naanzia mwisho. Nimepima: shawa iliyozibwa ilianza kulowesha ukuta wa chumbani kabla ya saa tatu kwisha. Kipimo cha sakafu nacho kilishuka zaidi ya beseni. Swali lililobaki ni la kimo. Nimechimbua kipande kidogo karibu na mlango: kutoka usawa wa marumaru ya chumbani hadi jamvi tupu la bafuni ni sentimita 8. Trapu iko katikati ya upande wa nyuma, sentimita 30 kutoka ukutani. Inatosha?

Bomba_Nusu_Inchi

Basi una uvujaji wa aina mbili. Wakati wa kubomoa fuata bomba la shawa lote, libadilishe kwa PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) ya milimita 20. Mashine iwe nyuzi 260, kuchoma sekunde 5, ingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukizidisha moto, plastiki inajikunja ndani na kupunguza tundu, na kwa mnara wa mita 4 huna nguvu ya kupoteza. Kichwa cha shawa kikiwa mita 2 juu, unabaki na kimo cha maji kama mita 3 hivi tangi likijaa, ambayo ni baa 0.3. Kichwa kipana cha mvua hakitakupa kitu bila pampu ya kuongeza nguvu, na hita inaweza isiwake.

Trapu iwe ya bomba la milimita 50, yenye kina cha maji ya kuziba harufu milimita 50, mteremko wa bomba 1 kwa 40. Na kabla ya kununua choo kipya, pima kutoka ukutani hadi katikati ya bomba la milimita 110. Kipimo cha kwenye choo, mara nyingi 300, huanzia kwenye marumaru iliyokwisha, siyo kwenye tofali. Gundi na marumaru vitakula kama milimita 15, na ukipiga plasta upya ongeza na unene wake.

Mwiko_wa_Meno

Kimo: sentimita 8 ni milimita 80. Marumaru na gundi ni 13, dawa 2, zinabaki 65. Ukitaka bafu liwe chini ya chumba kwa milimita 20, saruji mlangoni inapata 45. Penye trapu haitakiwi kuwa chini ya 25. Hapo una mporomoko wa milimita 20 tu, na kutoka kona ya mbali zaidi upande wa mlango hadi trapu ni kama mita 2.3. Hiyo ni asilimia 0.9, maji yatazubaa. Unahitaji 1.5, yaani milimita 35.

Suluhisho ni kizingiti. Weka kipande cha granaiti mlangoni kinachoinuka milimita 20 juu ya sakafu ya bafu, upana wa fremu, na kilaze ndani ya dawa, siyo juu ya marumaru, ili maji yasipite chini yake. Kizingiti kikizuia maji, sakafu ya bafu inaweza kupanda mpaka milimita 5 chini ya chumba. Saruji mlangoni inakuwa 60, penye trapu 25, na 35 zako umezipata.

Kwa kuwa penye trapu ni nyembamba, lisugue jamvi mpaka liwe na makovu, lilowanishe, lipake uji wa saruji uliochanganywa na maziwa ya kushikanishia, na umwage sakafu uji ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kabla, unakuwa kitenganishi. Piga vipande vya alama vinavyoelekea trapu kutoka kila kona, kisha jaza katikati. Nyuma ya choo panyooshe kwa rula fupi, rula ndefu haifiki hapo na ndipo bonde linapobaki.

Kupanga: anza ukutani kwenye mstari wa pili kutoka chini ukiegemea ubao ulionyooka kwa pima maji, shuka upange sakafu, halafu mstari wa kwanza wa ukuta ukatwe kufuata mwinamo na ukae juu ya marumaru ya sakafu.

Mkazi_Kinyerezi

Nimeelewa. Kuna mzee wa miaka 78 anatumia bafu hili. Hicho kizingiti cha milimita 20 hakitamkwaza?

Mwiko_wa_Meno

Kitaonekana kutoka chumbani kikiwa kimeinuka milimita 15 tu. Pande zote mbili zikatwe mshazari, na rangi yake iwe tofauti wazi na sakafu ili aione. Weka na kishikio cha chuma ukutani mlangoni na kingine kando ya choo. Mwambie fundi sasa hivi, kabla ya plasta, ajaze zege mahali pa skrubu kama tofali ni za matundu.